UZI: Phrasal verbs kwa sisi tuliopitia Kifaransa

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Ba yaya, ba mama, ba ndugu, jambo yenu bote.

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Lubumbashi. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa mine (mgodini), madereva wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na vijana wanaotafuta kazi kwenye kampuni za kigeni. Kila darasa jipya likianza, ombi ni lile lile: "Mwalimu, tupe liste ya phrasal verbs mia tano na maana zake." (Phrasal verb ni kitenzi kifupi cha Kiingereza kilichofuatwa na kijineno kama off, out au up, na viwili hivyo vikabeba maana moja.) Sitoi. Liste zimejaa kwenye intaneti. Mtu anakariri ukurasa mzima usiku, asubuhi redio ya kazini inamtolea moja ambayo haikuwemo. Naweka hapa njia ninayoitumia mimi. Mwenye yake aongeze, anayebisha abishe.

Kwanza tujue tatizo letu linatoka wapi, maana si sawa na la Mtanzania au Mzambia. Sisi tumesoma kwa Kifaransa. Mtu wa hapa akifungua ripoti ya Kiingereza anakuta postpone, tolerate, continue, refuse, abandon, anapita bila kushika kamusi. Maneno hayo Waingereza waliyapata kwa Wafaransa na kwenye Kilatini, na mengi yalianza kumiminika baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Watawala wakazungumza Kifaransa, raia wakabaki na maneno yao mafupi mafupi: put, set, go, come, break, fall. Hayo mafupi ndiyo yaliyozaa balaa hili. Msimamizi akiandika "The inspection has been postponed", ukaguzi umeahirishwa, unaelewa kabla hajamaliza. Akisema redioni "They've put it off", unamgeukia mwenzako.

Kwa hiyo nusu ya kazi umeshaifanya, hujui tu. Chukua daftari, ugawe ukurasa katikati. Kushoto andika neno zito ambalo Kifaransa kimekupa, kulia andika lile la redioni. Postpone, put off. Tolerate, put up with. Continue, carry on. Refuse, turn down. Abandon, give up. Annuler, kufuta, ni call off. Extincteur, kile kizima-moto, iko ukutani pale kazini, basi kuzima moto ni put out. Usianze na Kiswahili kushoto kwa haya, anza na Kifaransa, kwa sababu ndicho kinachofanana na Kiingereza cha maandishi, na utapata mawili kwa jasho la moja.

Pili, kijineno cha nyuma. Watu wanakodolea macho kitenzi cha mbele, wakati kijineno ndicho kinachobeba mzigo. Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Funga, fungua, fungia, fungana: mzizi mmoja, mwisho ndio unaogeuza mambo. Kiingereza kinafanya karibu hivyo, ila kinaacha nafasi kabla ya mkia.

Tuchukue off. Kwa kawaida inabeba kuachana au kukatika: switch off, cut off, pay off deni likaisha, drop off abiria akashuka, lay off wafanyakazi wakapunguzwa. Hapo mtu anajiona ameshika. Halafu inakuja go off. "The lights went off", taa zimezimika, sawa. "The milk has gone off", maziwa yameharibika, haya. "The alarm went off", na mlinzi wetu anaandika kwenye kitabu cha usiku kwamba alarme ilizimika. Hapana! Ililia. Off ya hapa ni ya kitu kilichokuwa kimebanwa kikaachiwa ghafla, na Kiswahili tunacho kitenzi chake kamili: kufyatuka. Mtego umefyatuka. Bunduki imefyatuka, the gun went off. Alarme nayo hivyo hivyo. Asubuhi mkubwa wa usalama akisoma kitabu kile, kulia na kuzimika ni habari mbili tofauti kabisa.

Out nayo ina njia mbili kubwa. Moja ni kwisha: run out, wear out, sell out. Nyingine ni kutoa kitu kwenye giza: find out, work out, figure out, make out. Angalieni hapa: "The fuel has run out" na "We've run out of fuel". Watu wanauliza of inatoka wapi. Kiswahili kinajibu: mafuta yameisha, tumeishiwa mafuta. Anayeishiwa akitajwa mbele, kitenzi kinabadilika. Kwao kinaongezewa of.

Up, kwa kifupi, mara nyingi ni "kabisa": fill up tangi, use up akiba, tear up karatasi. Au ni kujitokeza: turn up, show up, come up. Mkubwa akikuambia "Something has come up", jua mkutano wenu leo haupo.

Nasimama hapo kwanza. Ulizeni.

Dereva wa Barrière

Aksanti sana mwalimu. Miye niko dereva, kila juma niko Kasumbalesa. Ba Zambia pale banasema "we knock off at four". Ile njo nini? Na ku mine, yule anasimama nyuma ya camion anasema "back up", ingine siku "back off". Kwangu yote iko kurudia nyuma.

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Yaya, swali zuri. Knock off ni kumaliza zamu, kutoka kazini. Waingereza nao wanaisema, lakini Zambia na Afrika Kusini imeota mizizi kazini, utasikia mpaka "knock-off time". Ukiitumia kwa kazi tu uko salama. Shida inaanza ukiiwekea kitu mbele yake. "Knock off ten dollars" ni kupunguza bei, ya sokoni hiyo. "A knock-off" ni kitu bandia, vile viatu vya jina kubwa vinavyouzwa bei ya ndizi. Na "knock somebody off" ni kumuua. "I want to knock off" utaruhusiwa uende nyumbani. "I want to knock off my boss" utaenda kwingine.

Sasa back. Back up, rudisha gari nyuma, uko sahihi. Ila pia ni kutunza nakala ya data, na kumuunga mtu mkono. Back off ni kujitenga, kaa mbali. Mbele ya mashine inayozunguka hiyo ni amri, unasogea kwanza, maswali baadaye. Back out ni kujitoa kwenye makubaliano: mteja amekubali bei, siku ya mzigo hapokei simu, he backed out. Back down ni kulegeza msimamo. Katika hizo nne, kwa maana hizi, ya gurudumu ni back up.

Na kwa kuwa uko barabarani, chunga hii: overtake ni kulipita gari la mbele, kudoubler. Take over ni kupokea kazi au usukani kwa mwingine. Maneno yale yale mawili, yamegeuzwa tu. Mwenzako akichoka Likasi akakuambia "You take over", hajakuambia upite lori la mbele.

Binti wa Kamalondo

Mwalimu, mimi niko chuo. Hizo mpya zilizogeuzwa ziko nyingi? Maana overlook na look over nazo zilinikuta kwenye mtihani.

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Ziko kadhaa. Look over ni kukagua kitu kwa macho, overlook ni kupitiwa, jambo likakuponyoka. Karibu kinyume. Uphold ni kulinda sheria au uamuzi, hold up ni kuchelewesha, na pia ni kuteka kwa silaha. Upset na set up unazijua. Usitafute kanuni hapo, kila jozi isome peke yake.

Fundi Umeme, Likasi

Ningependa kuongeza moja ambayo kwetu mafundi ni ya uhai: lock out.

Kwenye kazi yetu, kabla ya kugusa mota ya pampu au ya mkanda, unakata umeme kwenye swichi yake kuu. Halafu unapitisha kufuli lako wewe mwenyewe kwenye mkono wa swichi, unaning'iniza kibao chenye jina lako, ufunguo unaingia mfukoni mwako. Mkiwa mafundi watatu, yanakuwa makufuli matatu. Kisha unarudi kwenye mashine unabonyeza start, kuhakikisha haiwaki. Hapo ndipo imekuwa locked out. Kuzima kwa kidole ni switch off tu, na mtu wa chumba cha kuongozea anaweza kuwasha wakati mkono wako uko ndani.

Sasa redioni wanauliza "Is it locked out?" na kijana mgeni, kwa sababu amesikia out na anajua amezima, anajibu "Yes". Nimeona mkubwa mmoja akitelemka mwenyewe kuangalia kufuli kwa macho, hakutaka kusikia yes ya mtu. Alifanya vizuri.

Swali langu dogo: kwenye ripoti naandika lock out au lockout? Nakuta zote.

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Fundi, aksanti, hiyo nitaipeleka darasani kama ilivyo.

Jibu: kikiwa kitenzi, maneno mawili, ikiwa nomino, neno moja, mara nyingine na kistari. "Lock out the pump before you start", ni amri, ni kitenzi, mawili. "The lockout was done at seven", ni jina la kitu, moja. Ukisitasita, jaribu kuipeleka wakati uliopita. "The crusher broke down", broke imebadilika, basi ni kitenzi, tenganisha. "The breakdown lasted all night", hakuna cha kubadilisha, unganisha. Ndivyo ilivyo kwa shut down na shutdown, hand over na handover ya zamu, back up na backup. Ripoti nyingi za hapa zinaandika "The machine breakdowned". Hiyo haipo.

Na sauti inahama. Kwenye kitenzi mkazo unaangukia mkia: break DOWN. Kwenye nomino unarudi mbele: BREAKdown. Sikilizeni redio ya kazini mtaisikia.

Binti wa Kamalondo

Kinachonisumbua ni mahali pa kuweka "it". Turn it off, lakini look after it. Kwa nini siyo look it after?

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Dada, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu kosa hili linasikika haraka na linaendelea hata kwa watu wenye Kiingereza kizuri.

Phrasal verbs zenye kitu kinachotendwa ziko za aina mbili. Aina ya kwanza zinapasuka. Turn off the pump, turn the pump off, zote sawa. Lakini kitu kikiwa kiwakilishi, it, him, them, lazima kiingie katikati: turn it off. Turn off it haisemwi. Kwa Mswahili hili lisiwe gumu. Wewe unasema "nimeizima", ile -i- umeichomeka ndani ya kitenzi bila kufikiri. Usingesema "nimezima hiyo-i". Fanya hivyo hivyo: turn it off, pick him up, put it out, write them down.

Aina ya pili hazipasuki, kwa sababu kile kijineno si mkia wa kitenzi, ni kihusishi cha kile kinachofuata. Look after him, look into it, run into them, deal with it. Hapo kiwakilishi kinabaki nyuma.

Utajuaje ipi ni ipi? Sikio. Zinazopasuka mkazo uko kwenye kijineno: turn OFF, pick UP. Zisizopasuka mkazo mara nyingi uko kwenye kitenzi: LOOK after, DEAL with. Kuna mfano mmoja unaonyesha vizuri: "He ran up a hill" na "He ran up a debt". Kwa macho zinafanana. Kilima, alikipanda mbio: he ran up it. Deni, alilirundika: he ran it up.

Zenye vipande vitatu kama hizi hazikusumbui, hazipasuki: put up with it, run out of it, get away with it, catch up with them, make up for it. Zimeze nzima.

Mzee wa Bel-Air

Mwalimu, mimi nimefanya kazi na Waingereza na Waamerika tangu zamani, niruhusu nikupinge kwa heshima. Hii habari ya mkia una maana yake ni ya kujifurahisha. Give up, hapo juu iko wapi? Put up with, up gani hiyo? Nyumba ikiungua wanasema burned down, karatasi ikiungua burned up, na slow down na slow up zote ni kupunguza mwendo. Kijana ashike sentensi nzima kama ilivyo, akariri, basi. Sisi ndivyo tulivyojifunza.

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Baba, shikamoo. Nakubaliana nawe zaidi ya nusu.

Huwezi kuutazama mkia ukabashiri maana. Ninachosema ni kwamba ukishaambiwa maana, mkia unakusaidia isitoke kichwani. Go off ya alarme, aliyeishika kwa "kufyatuka" harudii kuikosea. Kwa give up sina msaada, nayo naifundisha kwa sentensi, kama unavyosema.

Na si sisi tu. Samuel Johnson, yule Mwingereza wa kamusi kubwa ya mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji yake kwamba hakuna kinachowatesa wageni kama hivi vijineno vinavyofuata vitenzi. Alitoa mifano, na ukiisoma leo mingine imekufa. Yeye fall off aliifasiri kuwa ni kuasi dini. Leo mtu akisema fall off anazungumzia kuanguka kutoka juu ya kitu, au mauzo kupungua. Set off kwake ilikuwa kupamba. Leo mara nyingi ni kuanza safari, au kusababisha alarme ilie. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasiokote liste za vitabu vikuukuu pale sokoni.

Ninapotofautiana nawe ni hapa: wewe ulikuwa na Waingereza mchana kutwa, sentensi zilikujia zenyewe. Kijana wa Katuba anaye mwalimu saa chache kwa juma na simu yenye mega kidogo. Lazima apate ndoana ya kutundikia.

Mzee wa Bel-Air

Marahaba. Ya ndoana nimekubali. Ya Johnson sikuijua.

Mtu wa Mbeya

Wakuu, napita tu kutoka Tanzania, uzi mtamu. Sisi huku tunafundishwa kwamba phrasal verbs ni za mtaani, usiweke kwenye barua ya kazi. Ni kweli?

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Karibu ndugu. Ni kweli kwa baadhi tu. Put up with, turn up, knock off, hizo ziache mdomoni. Lakini ziko ambazo zimevaa suti tangu zamani: carry out an inspection, draw up a contract, set out the reasons, phase out, account for. Ripoti yoyote ya kampuni inazo, na ukizikwepa unaandika Kiingereza kigumu kama cha mahakamani. Sisi tuliopitia Kifaransa ndio wagonjwa wa hilo. Mtu wetu anamwandikia mwenzake wa zamu "I request you to terminate the operation" wakati alitaka kusema "Please stop".

Kwa barua ya kazi shika moja: "I look forward to hearing from you." Ile to si ya "to hear". Ni kihusishi, kwa hiyo kinafuatwa na hearing. Barua nyingi zinakosea hapo hapo mwishoni, mahali ambapo macho ya msomaji yanabaki.

Na nyingine, maana naisikia pande zote za mpaka: "cope up with". Haipo. Ni cope with tu, kumudu jambo. Watu wameiazima up kutoka keep up with na catch up with.

Ah, na vaa na vua. Put on ni kuvaa, ila kuvua si put off, ni take off. "Put off your helmet" nimeisikia mara nyingi, na anayeambiwa anaelewa kwa huruma tu.

Fundi Umeme, Likasi

Hiyo ya helmet iko kwetu kila siku.

Dereva wa Barrière

Mwalimu, moja ya mwisho, ingine siku nitarudia. Ku douane (forodhani) karatasi inasema "fill in", agent anasema "fill out". Niko nachanganyikiwa. Na camion ya patron wangu ilipinduka, watu wa assurance (bima) baliandika "write-off". Patron anangoja baitengeneze.

Mwalimu wa Jioni, Katuba

Yaya, fill in na fill out kwa fomu ni kitu kimoja. Waingereza wanapenda in, Waamerika wanapenda out, andika jina lako uendelee. Fill up tu ndiyo ya tangi.

Ya camion, pole kwa patron na shukuru Mungu kama watu wametoka salama. Write off kwa deni ni kulifuta kwenye vitabu. Kwa gari, "a write-off" ni kwamba gharama ya kulitengeneza inazidi thamani yake, kwa hiyo hawalitengenezi. Mwambie asingoje fundi. Aulize watalipa kiasi gani, na mabaki yanabaki ya nani, maana hilo la pili huwa halisemwi mpaka uulize.